Gurudumu linavuma: kuijua beringi mbovu, na kuifunga mpya isife mapema

Gari likifika kilomita 40 au 50 kwa saa, sauti nzito inaanza upande mmoja, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Ukiongeza mwendo nayo inapanda. Ukipunguza, inashuka. Redio ikiwa juu huisikii, na ndiyo maana watu wengi hutembea nayo miezi mingi.

Pesa hupotea kwa njia mbili hapa. Ya kwanza ni kununua beringi wakati ugonjwa uko kwenye tairi. Ya pili, ambayo inaumiza zaidi, ni kununua beringi nzuri kisha kuiua siku ileile ya kuifunga. Maelezo haya yamefuata Corolla NZE121 inayovutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa iko kila mtaa na mpangilio wake unafanana na magari madogo mengi ya Toyota: mbele beringi imeshindiliwa ndani ya nako (chuma kinachobeba gurudumu na kushikwa na shokapu), nyuma beringi na habu (kitovu ambacho tairi hufungwa juu yake) ni kipande kimoja kinachofungwa kwa bolti nne. Land Cruiser na Hilux zenye beringi za rola zinazopakwa grisi na kurekebishwa kwa nati mbili zina utaratibu wake mwingine kabisa.

Mvumo unaofuata mwendo wa gari

Kwanza uitenge injini. Barabara ikiwa tupu, gari likiwa kwenye kilomita 60, weka nyutro na uliache litembee. Mvumo ukifa pamoja na mzunguko wa injini, tafuta kwingine. Ukibaki vilevile na kushuka taratibu pamoja na mwendo, chanzo ni kitu kinachozunguka na gurudumu: beringi, tairi, na mara chache beringi ya ndani ya gia boksi.

Kisha peleka usukani kidogo kushoto, halafu kidogo kulia, taratibu, bila kuyumbisha gari. Ukikata kushoto uzito wa gari unahamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukipanda hapo na kupungua ukikata kulia, mshukiwa ni wa kulia. Kipimo hiki kinasaidia sana lakini si hukumu. Beringi za siku hizi zina safu mbili za gololi, na safu iliyoharibika inaweza kuwa ile inayobeba mzigo upande usioutarajia, ukajikuta umebadilisha nzima. Kama sauti haibadiliki kabisa ukikata usukani, uangalie tairi kabla ya kugusa spana.

Tairi lililolika kwa mabonde huvuma karibu sawasawa na beringi. Pitisha kiganja juu ya kashata zake, kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Ukihisi upande mmoja laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, au mabonde yanayopishana kila baada ya kashata mbili tatu, umepata mvumaji mmoja tayari. Tofauti nyingine ni barabara: sauti ya tairi hubadilika ukitoka kwenye lami mpya laini kuingia kwenye lami chakavu yenye kokoto, ilhali ya beringi haijali sana lami. Ukibaki na shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Sauti ikihama nayo, basi ni tairi. Kazi hiyo haigharimu chochote zaidi ya jasho.

Kushika springi

Hiki ndicho kipimo cha kuaminika kuliko vyote vya nyumbani, na hakihitaji kifaa. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua upande mmoja kwa jeki, ushushe kwenye stendi, weka nyutro. Shika springi ya shokapu kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono wa pili zungusha tairi kwa nguvu. Beringi nzima haipitishi kitu: springi inabaki kimya. Beringi iliyoanza kuchimbika utaihisi vidoleni kama mchanga unaosagika, mtetemo mdogo wa mfululizo ambao sikio linaweza lisiusikie. Fanya upande wa pili pia, ulinganishe. Breki ikigusa diski hutoa mkwaruzo unaokuja na kuondoka mara moja kila mzunguko, kwa hiyo usiichanganye na mtetemo wa mfululizo. Usiwashe injini kuzungusha gurudumu lililoning'inia, mkono unatosha.

Tairi linacheza

Likiwa bado hewani, lishike juu na chini, sukuma kwa mkono mmoja huku ukivuta kwa mwingine. Halafu lishike kushoto na kulia ufanye vilevile. Likicheza pande zote mbili za kushika, beringi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Likicheza kushoto na kulia tu, angalia tairodi endi au raki ya usukani. Likicheza juu na chini tu, inaweza kuwa beringi, inaweza kuwa boljointi (kiungo cha nako na amu ya chini).

Kuamua kati ya hizo mbili, mwambie msaidizi akanyage breki na kuishikilia huku wewe unaendelea kutikisa. Breki ikikanyagwa, kalipa inaishika diski na habu inakuwa kitu kimoja na nako, hivyo mchezo wa beringi unatoweka. Kama tairi linaendelea kucheza na breki ikiwa imekanyagwa, ugonjwa uko kwenye boljointi, bushi za amu au bolti za shokapu.

Lakini kutocheza si ushahidi kwamba beringi ni nzima. Nyingi huvuma kwa muda mrefu kabla ya kuanza kucheza. Tairi likifika kucheza waziwazi, gari halifai safari. Beringi ikikatika kabisa inaweza kujifunga au kuliacha gurudumu likitoka na habu yake.

Taa ya ABS, pedali ndefu, gurudumu la moto

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) ikiwaka pamoja na mvumo, huenda habu inacheza kiasi kwamba nafasi kati ya sensa na pete inayosomwa inabadilikabadilika. Breki nayo hutoa ishara: baada ya kupita makorongo, pedali ya kwanza inazama zaidi ya kawaida, ya pili inapanda. Diski inayoyumba pamoja na habu imezirudisha nyuma brekipedi, na pistoni inabidi isafiri tena.

Joto linadanganya. Habu ya moto inaweza kuwa ya beringi inayokaribia kufa, lakini mara nyingi zaidi ni kalipa iliyokwama. Kalipa iliyokwama hulivuta gari upande mmoja, hunuka, na gurudumu huwa gumu kuzungusha kwa mkono. Irekebishe kwanza, maana joto lake huyeyusha grisi ya beringi na kuunguza sili. Beringi mpya juu ya kalipa mbovu itafuata njia ya ile ya zamani.

Sauti nyingine kwa haraka. Tatata ukiwa umekata usukani wote na kuondoka: CV jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu). Kugonga kwenye matuta: linki ya stebilaiza, boljointi au mauntini ya shokapu. Chuma kwa chuma ukikanyaga breki tu: brekipedi zimeisha. Kukwaruza kwembamba kusikokoma, hasa baada ya gari kutoka kwa fundi: bati la nyuma ya diski limepinda, na bisibisi inalirudisha.

Kinachoziua

Maji ndiyo adui mkubwa. Kupita kwenye maji yaliyofika katikati ya rimu, kama inavyotokea bonde la Jangwani, Dar es Salaam, mvua za masika zinapokolea, huiingiza habu yenye joto kwenye ubaridi wa ghafla; hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Miezi michache baadaye kutu huanza kuchimba njia ya gololi. Bomba la kuoshea la presha kubwa likielekezwa katikati ya gurudumu hufanya kazi hiyohiyo.

Shimo likipigwa kwa kasi huacha vishimo kwenye ringi (pete za chuma za beringi ambazo gololi hupita kati yake), na kila gololi inayovipita inapiga kelele. Rimu pana zinazotokeza nje, au spesa za kulisogeza tairi, huhamisha mzigo nje ya mahali beringi ilipokusudiwa kuubeba. Na nati ya shafti iliyokazwa kwa kukisia huharibu kimyakimya, maana nati hiyo haishiki shafti tu: ndiyo inayozibana ringi mbili za ndani zikae kama zilivyopimwa kiwandani. Kwa sababu hiyo usilisukume gari hata hatua mbili likiwa chini huku nati imelegea. Uzito wa gari utaziachanisha ringi hizo.

Kununua

Peleka dukani namba ya chesisi, na ikiwezekana beringi ya zamani. Beringi nyingi za aina hii zina jina linaloanza na DAC likifuatiwa na vipimo kwa milimita: DAC40740040, kwa mfano, ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje 74 na unene 40. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na si ya boksi pekee. Maandishi ya NSK, Koyo au NTN yaliyo mepesi, yanayofutika kwa kucha au yaliyokaa mshazari, ni sababu ya kuirudisha kaunta.

Kama gari lako lina beringi ya ABS yenye sumaku, sili moja ina pete ya sumaku ndani yake. Iguse kwa kipini cha karatasi: upande unaokishika ndio wa sensa, na ndio unaokaa ndani, kuelekea shafti. Uweke alama kabla hujafika kwenye presi. Usiilaze juu ya spika, sumaku au vumbi la grenda.

Nunua pia nati mpya ya shafti na saklipu mpya (pete inayozuia beringi isitoke kwenye nako). Si lazima kubadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Beringi hazifi kwa jozi kama brekipedi. Ipime ya pili kwa springi, ikiwa kimya iache.

Kuitoa ya mbele

Sema ukweli kuhusu vifaa vyako. Kufungua nako nyumbani kunawezekana kwa soketi nzuri na subira. Kushindilia beringi kunahitaji presi ya haidroliki au kifaa cha skrubu chenye sahani zake. Njia ya busara kwa wengi ni kuitoa nako mwenyewe, kuipeleka gereji yenye presi, na kusimama pale wakati inashindiliwa.

Gari likiwa chini na breki ya mkono imevutwa, toa kifuniko cha katikati. Nati ya shafti ni soketi 30. Ukingo wake umebonyezwa kwenye mfereji wa shafti. Unyanyue kwa patasi nyembamba kwanza, la sivyo utakula nyuzi. Magari mengine yana kofia na kotapini. Msaidizi akanyage breki, tumia fimbo ya nusu inchi na bomba refu juu yake, legeza nati bila kuitoa. Legeza na nati za tairi, soketi 21, kisha inua gari na uliweke kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa utavuta na kugonga.

Toa bolti mbili zinazoishika bano ya kalipa na uining'inize kwenye springi kwa waya. Usiiache ibebwe na mpira wa breki. Diski iliyoganda ina matundu mawili yenye nyuzi; ingiza bolti za M8 na uzikaze kwa zamu hadi itoke. Sensa ya ABS ina bolti moja. Ikiwa imeganda mimina mafuta ya kulegeza kutu na uizungushe polepole, kwani plastiki yake hukatika ukiikwanyua kwa bisibisi.

Tairodi endi: toa kotapini na nati, kisha gonga ubavu wa mkono wa nako pale inapoingia, mapigo mawili ya nyundo nzito. Usigonge ncha ya nyuzi. Achanisha boljointi na amu ya chini. Kabla ya kutoa bolti mbili za shokapu, chora mstari wa rangi kuvuka nako na shokapu, maana mchezo mdogo wa bolti hizo unabadilisha mlalo wa tairi. Sasa rudisha nati ya shafti hadi iwe sawa na ncha, weka kipande cha mbao, gonga shafti iachie habu. Toa nati, vuta nako nje huku umeishikilia shafti. Ukiiacha shafti ivutwe nje, jointi ya ndani itaachana na utakuwa umejiongezea kazi nyingine.

Kwenye presi

Sheria ni moja, na ukiishika hii nyingine zote zinafuata: nguvu ipite kwenye ringi ile tu inayokaza. Beringi ikiingia ndani ya nako, ringi ya nje ndiyo inayokaza, basi sukuma ringi ya nje. Habu ikiingia ndani ya beringi, ringi ya ndani ndiyo inayokaza, basi ringi ya ndani iegemezwe kwa chini kwa kipande cha bomba kinachoitosha, wakati presi inasukuma habu kutoka juu. Ukisukuma ringi isiyo yake, tani zote za presi zinapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha alama kwenye njia yake. Beringi hiyo itazunguka vizuri mkononi na kuanza kuvuma ndani ya wiki. Nyundo hufanya hivyohivyo, kwa haraka zaidi.

Anza kwa kusukuma habu itoke. Karibu kila mara ringi moja ya ndani inabaki imeng'ang'ania habu. Itoe kwa pula, au chora mfereji kwa grenda usifike kwenye habu, kisha uipasue kwa patasi; vaa miwani, kwani chuma hicho kigumu hukatika kwa kurusha vipande. Toa saklipu, ambayo ikiwa na kutu itahitaji mafuta na muda wa kutosha. Ndipo beringi isukumwe nje.

Safisha tundu la nako hadi chuma kionekane. Hapa ndipo pa kuwa mkali. Ikiwa beringi mpya inaingia kwa kusukuma kwa dole gumba, nako imekwisha, kwa sababu ringi ya nje ilikuwa inazunguka ndani yake. Kupiga vidoti vya senta panchi au kuizungushia bati jembamba kunaishika kwa siku chache tu, tena ikiwa imekaa mshazari. Tafuta nako nyingine. Habu nayo iangaliwe pale ringi inapokaa: ikiwa imebadilika rangi kwa joto au ina mikwaruzo inayoshika kucha, ibadilishwe.

Ringi ya nje ya beringi ya zamani ni kifaa kizuri cha kusukumia, ukiipunguza kidogo kwa grenda ili isinase. Ipange mpya iwe wima kabisa. Ikianza kwenda upande, simama, itoe, anza upya. Ikifika mwisho, mshale wa presi unaruka ghafla, acha hapo. Ingiza saklipu na uhakikishe imekaa kwenye mfereji wake mzunguko wote. Kumbuka bati la vumbi lifungwe kabla ya habu kuingia, maana baadaye hutapata njia. Habu ikishaingia, izungushe kwa mkono: iwe na uzito kidogo, laini, bila chembe ya kukwama.

Kufunga

Rudisha kinyume cha ulivyofungua. Kwa NZE121: bolti za shokapu 153 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye mstari uliouchora, bano ya kalipa 107, tairodi endi 49 na kotapini mpya. Nati mpya ya shafti ikazwe 216 Nm kwa spana ya toki huku msaidizi ameshikilia breki na gurudumu bado halijabeba gari, kisha ukingo wake ubonyezwe kwenye mfereji. Bunduki ya upepo haina kazi kwenye nati hii. Nati za tairi 103 Nm, zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Gari lipite alaimenti.

Ya nyuma

Nyuma ni kazi ya asubuhi moja. Toa dramu kwa bolti za M8 ikigoma, chomoa plagi ya sensa kama gari lina ABS, fungua bolti nne kutoka nyuma. Habu ikigoma kwa kutu, rudisha bolti zikiwa zimelegea nyuzi kadhaa na uzigonge kwa nyuma kwa zamu. Habu ikitoka, sahani ya breki haina kinachoishika tena, kwa hiyo rudisha bolti mbili ili isibebwe na bomba la breki. Piga brashi ya waya kwenye uso inapokaa mpya. Kipande kidogo cha kutu kikibaki, habu itakaa mshazari.

Baada ya kufunga, bado kuna tatizo

Mvumo uleule, bila mabadiliko: ulibadilisha nzima, au ni tairi. Rudi kwenye springi, magurudumu yote manne.

Mvumo mpya ndani ya siku chache: beringi ilisukumwa kwa ringi isiyo yake. Haina dawa.

Taa ya ABS imewaka tangu gari lilipotoka kwenye stendi: upande wa sumaku umekaa nje, plagi haijaingia, au uchafu umenasa kwenye ncha ya sensa. Anza na mawili ya mwisho, kwa sababu la kwanza linaidai presi tena, na kwa kawaida beringi nyingine, maana kuitoa kunaiumiza.

Tairi linacheza kidogo: nati haijafika 216, au nako imelika. Usukani unatetemeka ukifunga breki wakati zamani haukuwa ukitetemeka: kuna kutu kati ya diski na habu. Vua diski, usugue nyuso zote mbili, uirudishe.